Habari za Mapunye

Mwenye kupita Ndosho asubuhi, upande wa magharibi wa mji wa Goma, penye barabara iendayo Sake, hukuta watoto wengi njiani. Wengine wamebeba madaftari ya masomo, wengine bidoni za manjano za maji. Akiviangalia vichwa vyao vilivyonyolewa, ataona kwa huyu au kwa yule kiraka cha duara, cheupe kama kilichonyunyiziwa unga, na ndani yake nywele zimekatika. Hayo ndiyo mapunye. Wengine husema choa cha kichwa, na wenye kusema Kifaransa husema teigne. Wengi wetu tulikuwa nayo utotoni, tukapona, tukasahau, na kwa hiyo tumezoea kuyadharau. Husemwa: hayaui mtu.

Kweli, hayaui. Lakini tutaje jambo tulilolishuhudia. Mtoto mmoja wa jirani zetu, mvulana wa miaka saba, alirudishwa nyumbani kutoka shuleni asiambukize wenzake. Nyumbani bibi yake, kwa mapenzi tu, akampaka mafuta machafu ya gari. Baada ya majuma mawili mtoto akapaka yeye mwenyewe maji ya betri, maana aliambiwa na wakubwa wa mtaa kwamba hayo ndiyo yaondoayo. Kichwa kikavimba, likatokea donge laini kama andazi, lenye matundu yatoayo usaha. Wakampeleka kwa mtu auzaye dawa. Yule akaona jipu, akachukua wembe, akapasua. Leo mtoto yule amekuwa kijana, na mahali pale hapatoki unywele hata mmoja. Huvaa kofia jua likiwaka na mvua ikinyesha.

Bibi yule hatumlaumu. Tulipoanza kusoma habari za ugonjwa huu tangu zamani tuliona kwamba watu wenye elimu kubwa, katika miji mikubwa ya Ulaya, waliwatendea watoto mabaya kupita yale ya mafuta ya gari. Basi tumeona yafaa tuwasimulie.

Ugonjwa huu ni wa kale sana. Mrumi aitwaye Celsus, aliyeandika kitabu cha uganga katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alilieleza donge lile lile lililompata mtoto wa jirani yetu. Hata leo waganga huliita kwa neno la Kigiriki, kerion, maana yake sega la asali, kwa sababu usaha hutoka katika vitundu vingi kama asali katika sega. Na huko Sevilla, Uhispania, iko picha kubwa aliyoichora Murillo yapata mwaka 1672 kwa ajili ya hospitali ya maskini iitwayo La Caridad. Picha hiyo yamwonyesha Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria, yule binti wa mfalme aliyekufa mwaka 1231 akiwa na miaka 24 tu. Amevaa taji na shela, naye ameinama juu ya beseni akikiosha kichwa cha mtoto mwenye mapunye. Wanawake wa nyumba yake wamesimama karibu. Vidonda havikufichwa, mchoraji aliviweka katikati kabisa, mahali jicho lifikapo kwanza. Watu wengine walioiona picha hiyo walichukizwa. Sisi twasema Murillo alijua alichokuwa akitazama.

Mtakatifu alitumia maji. Waliomfuata walitumia lami. Kwa miaka mingi, katika hospitali za Ulaya, dawa ya mapunye ilikuwa kofia ya kitambaa iliyopakwa lami ya moto. Mtoto alivalishwa, lami ikaganda pamoja na nywele, kisha baada ya siku kadhaa kofia ikang'olewa kwa nguvu, nywele na ngozi zikafuata. Wazo lenyewe halikuwa la kijinga, maana ugonjwa umo ndani ya unywele, na unywele ukitoka pamoja na mzizi wake ugonjwa nao hutoka. Ila fikirini kilio cha watoto hao. Mwanzoni mwa karne ya 19 walitokea Paris ndugu wawili wa jina la Mahon, wala hawakuwa waganga, wakaleta unga wao wa siri uliolegeza nywele zikang'oka pole pole bila lami. Hospitali zikawapokea kwa furaha. Siri yao waliishika sana, kama waganga wa kwetu washikavyo zao.

Lakini hapo bado hakuna aliyejua ugonjwa watoka wapi. Wengine walisema ni damu chafu, wengine ni ukoo, wengine ni umaskini. Jibu lilikuja kwa hadubini, chombo kile cha kuonea vitu vidogo. Mwaka 1837, huko Berlin, kijana aitwaye Robert Remak alitazama magamba ya namna moja mbaya ya mapunye, ile yenye ukoko wa manjano kama vikombe vidogo na harufu ya panya, akaona nyuzi nyembamba zenye matawi. Hakutambua upesi ni nini. Miaka miwili baadaye Schönlein, mganga mkubwa wa Kijerumani, aliandika kwamba ni mmea mdogo, yaani kuvu, jamii ya ule ukungu uotao juu ya mkate uliolala. Remak hakutosheka na kuona kwa macho. Alijipaka magamba ya mgonjwa mkononi mwake mwenyewe, akaambukizwa, na hivyo akahakikisha.

Wakati huo huo David Gruby, mtu wa Hungaria aliyekaa Paris, alikuwa akitazama nywele za watoto moja moja. Kati ya mwaka 1841 na 1844 alionyesha kwamba ziko kuvu zaidi ya moja. Moja huuzunguka unywele kwa nje kama ala ya kisu. Hiyo aliiita Microsporum audouinii. Nyingine huingia ndani ya unywele na kuujaza mbegu zake, mpaka ukavunjika pale pale utokapo kichwani. Ubainifu huo ni wa maana hata leo, na tutaurudia. Lakini waganga wenzake wa Paris hawakumjali. Gruby akaiacha kazi hiyo, akawa mganga wa watu maarufu, akimtibu Chopin mpiga piano na wengineo. Imepita nusu karne ndipo Raymond Sabouraud wa Hospitali ya Saint-Louis, katika mji ule ule, alipoifufua kazi yake. Sabouraud aliotesha kuvu hizo katika chakula alichokipika mwenyewe kwa sukari na peptoni, akaandika mwaka 1910 kitabu kinene juu ya mapunye. Chakula chake chaitwa kwa jina lake, na maabara za leo hukitumia bado. Alikuwa pia mchonga sanamu, na labda ndipo alipopata saburi ya kutazama vitu vidogo siku nyingi.

Twafika sasa penye uchungu. Sabouraud aliona kama wale wa zamani: nywele lazima zitoke zote. Mwaka 1904, pamoja na msaidizi wake Noiré, alitengeneza njia ya kuziondoa kwa miali ya eksirei. Mtoto aliketi mbele ya mashine, na baada ya majuma matatu hivi nywele zikaanguka zenyewe bila maumivu yo yote. Baada ya lami, watu waliona ni kama neema. Njia hiyo ikaenea duniani. Watoto wapatao 200,000 hukadiriwa kuwa walipigwa miali hiyo kichwani katika nchi mbalimbali. Katika Israeli peke yake, kati ya mwaka 1948 na 1960, walikuwa yapata 20,000, wengi wao watoto wa wahamiaji maskini waliotoka Moroko na nchi nyingine za Kiarabu. Wengine, toka miaka ya 1920, walipewa chumvi ya thaliamu, sumu ya panya, kwa sababu nayo huangusha nywele. Kipimo kikizidi kidogo mtoto hufa, na kweli watoto walikufa.

Mwaka 1974 mganga Baruch Modan na wenzake walitangaza hesabu zao: waliofuata habari za watoto 10,902 waliopigwa miali, wakaona kwamba uvimbe wa kichwani na saratani ya tezi ya shingo viliwapata hao kuliko wenzao wasiopigwa. Bunge la Israeli liliweka sheria ya kuwalipa fidia mwaka 1994. Ugonjwa usioua ulikuwa umetibiwa kwa dawa iuayo. Basi, mwenye kumcheka bibi wa Ndosho kwa mafuta yake ya gari, akumbuke kwamba waliofanya haya walivaa makoti meupe.

Na Kongo yetu je? Ndiyo imo katika historia hii, tena si pembeni. Raymond Vanbreuseghem, mwalimu wa Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp, alichunguza nywele za watoto wa Kongo ya Kibelgiji, na mwaka 1950 akaeleza kuvu aliyoiona mpya, akaiita Microsporum langeronii kwa heshima ya Langeron, mtaalamu wa Paris. Wataalamu wa siku hizi huihesabu kuwa ndugu wa ile ya Gruby, si kabila la peke yake. Mwaka 1952 Vanbreuseghem alionyesha jambo jingine la ajabu kwa wepesi wake: ukitia udongo katika kisahani, ukaulowesha, ukaweka juu yake vipande vya nywele safi, baada ya siku kadhaa utaona kuvu zimetoka udongoni na kupanda juu ya nywele, maana hiyo ndiyo riziki yao. Wengine huita njia hiyo chambo cha nywele. Mwalimu ye yote wa sekondari angeweza kuwafanyia wanafunzi wake, hata kwa udongo mweusi wa volkeno yetu.

Mbelgiji mwingine alishiriki katika dawa yenyewe. Mwaka 1939, katika London, Oxford, Raistrick na Simonart, ambaye huyu wa tatu ni mtu wa Louvain, walitoa katika ukungu mmoja kitu walichokiita griseofulvini. Hawakujua kinafaa nini. Miaka saba baadaye, Waingereza waliokuwa wakichunguza uwanda wa Wareham, ambako miti ya misonobari ilikataa kukua, waliona kwamba ukungu wa udongo ule watoa kitu kinachopinda nyuzi za kuvu nyingine hata zikajisokota. Kumbe kilikuwa kile kile. Kikakaa tena. Ndipo mwaka 1958 James Gentles wa Glasgow alipowalisha kitu hicho nguruwe wadogo wa maabara wenye choa, wakapona. Kisha watu wakaanza kupewa. Dawa ya kumeza, si ya kupaka! Dawa hukaa katika unywele unaoota, na kuvu haiwezi tena kushuka katika mzizi. Unywele mzima husukuma ule mgonjwa nje mpaka ukatwe na wembe. Hakuna haja ya lami, wala mashine, wala thaliamu.

Hapo ndipo lilipo kosa la nyumba nyingi za Ndosho hata leo. Mama hununua kijibomba cha mafuta ya dawa, hupaka mwezi mzima, magamba hupungua, naye husema amepona. Baada ya muda mfupi kiraka kimerudi. Si dawa mbaya. Ni kwamba mafuta hayafiki chini, ulipo mzizi wa unywele. Choa cha mkono au cha tumbo hupona kwa kupaka. Cha kichwa hakiponi kwa kupaka peke yake.

Jinsi ya kuyatambua, basi. Tazameni mambo matatu pamoja: magamba, nywele zilizokatika, na umri. Mtoto wa miaka mitatu hata kumi na miwili hivi ndiye apatwaye. Mtu mzima mara chache, kwa maana mafuta ya asili ya kichwa hubadilika ujanani na kuvu nyingi haziyapendi. Ile kuvu izungukayo unywele kwa nje hufanya viraka vikubwa vya kijivu, nywele zimekatika juu kidogo ya ngozi. Ile iingiayo ndani hufanya viraka vidogo vyenye nukta nyeusi, nazo ndizo visiki vya nywele. Mara nyingi tezi za nyuma ya shingo huvimba. Zigusweni kwa vidole. Kiraka kikiwa laini kabisa na king'aacho, bila gamba hata moja, huo ni ugonjwa mwingine wa kung'oka nywele. Magamba yakienea kichwa kizima na nywele zote zipo, huenda ni mba tu. Msichana aliyepungukiwa nywele pembeni mwa paji, penye misuko iliyokazwa, huyo amevutwa mno na msusi wake. Na mtu mzima ambaye nywele zimetoka vipande vipande kama zilizoliwa na nondo, apimwe kaswende.

Zamani, tangu mwaka 1925, waganga walitumia taa ya Wood, yenye mwanga usioonekana, ambayo hufanya kuvu za namna fulani zing'ae kijani gizani. Ni chombo kizuri, lakini kuvu ziingiazo ndani ya unywele kwa kawaida hazing'ai, kwa hiyo kichwa kisichong'aa si lazima kiwe kizima. Mahali pasipo na taa, muuguzi hukwangua magamba na visiki, huvitia tone la potasi, huvitazama kwa hadubini. Ni jicho la Gruby lile lile.

Matibabu yahitaji saburi kuliko fedha, ingawa fedha nazo zahitajika. Griseofulvini hupewa kila siku kwa majuma sita walau, na mara nyingi nane au zaidi. Mtoto wa kilo 20 hupewa miligramu 200 hata 400 kwa siku, kadiri mganga apimavyo. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta, mathalani wali wa mawese, avoka, au kikombe cha maziwa ya Masisi, maana tumbo tupu haliipokei vema. Mwenye mimba asipewe. Iko dawa nyingine, terbinafini, ambayo majuma manne yaweza kutosha kwa kuvu za ndani ya unywele, lakini kwa zile za nje griseofulvini hushinda. Pamoja na vidonge, nywele zikatwe fupi na kichwa kipakwe mafuta ya dawa, kama yale ya Whitfield au ya mikonazoli. Hayo hayaponyi, ila hupunguza mbegu zinazoangukia wengine. Mtoto aliyeanza dawa hana sababu ya kufukuzwa shuleni. Waalimu, tunawasihi katika hili: kiraka chatakiwa kipelekwe kituo cha afya, na mtoto abaki darasani.

Na lile donge? Kerion si jipu, japo lafanana nalo sana. Ni mwili wenyewe unaopigana na kuvu kwa ukali. Halipasuliwi, wala halikamuliwi. Vidonge vile vile hulituliza pole pole, na muuguzi atatazama kama kuna uambukizo mwingine juu yake. Likipasuliwa, kovu huzidi, na penye kovu unywele haurudi. Kama mtu yule mwenye wembe angalijua neno hili moja, kijana wetu angalikuwa na nywele.

Twajua watakaosema: Ndosho hatuna nafasi ya kuhangaika na vichwa. Mji huu umejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Mvua hunyesha na maji huzama chini, hivyo wengi huteka ziwani Kivu au hununua kwa bidoni. Mwaka 1994, mwezi wa Julai, wakimbizi wa Rwanda walipoingia kwa mamia ya maelfu, watoto wengi waliopotelewa na wazazi walikusanywa hapa Ndosho. Kipindupindu na kuhara viliua yapata watu 50,000 katika mwezi mmoja, na nani angeshughulika na mapunye? Volkeno ikamwagika mwaka 2002, tena mwaka 2021. Toka mwaka 2022 hata mwanzo wa mwaka 2025 kambi za Bulengo na Lushagala zilijaa waliokimbia vita. Yote ni kweli. Lakini ni katika msongamano huo huo, ambapo watoto watano hulala mkeka mmoja na kofia moja huvaliwa na watatu, kuvu hupata karamu yake. Ndiyo maana akionekana mmoja, ndugu zake wote watazamwe siku hiyo hiyo, na paka wa nyumba pia. Mkubwa aweza kubeba mbegu kichwani bila dalili, akamrudishia mtoto kila apoponywa.

Hatutaki kusahau vinyozi wetu, ambao hawana kosa isipokuwa haraka. Mashine moja, Jumamosi jioni, hupita vichwa thelathini. Brashi ya kuondoa nywele katika meno ya mashine haiondoi mbegu. Meno yafunguliwe, yasuguliwe, yatiwe katika spiriti au maji ya javeli, ndipo mwingine aketi. Na kichwa chenye kiraka kinyolewe mwisho. Mmoja wa barabara ya Sake tuliyemweleza haya alisikiliza mpaka mwisho, akauliza javeli yauzwa wapi na bei gani. Juma lililofuata tuliona kopo lake juu ya meza, karibu na redio, limefunikwa kwa kisahani, na wateja wawili wakingoja huku wakinung'unika kwamba siku hizi ananyoa pole pole.